Wajenzi na Umeme

Umeme umeingia vijiji vingi vya Mbeya na Iringa tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Nguzo nyingi hutoka kwetu Mufindi. Ni jambo jema, hata zahanati yetu haizalishi tena akina mama kwa mwanga wa kibatari. Lakini vibarua wa ujenzi wanaumia.

Mwaka jana wakati wa mvua niliiletewa kijana mmoja, saidia fundi. Alikuwa juu ya jukwaa la mirunda akipokea nondo ndefu, ncha yake ikakaribia waya wa barabarani. Nasema ikakaribia, maana waya wa volti 33,000 hauna ganda, na umeme wake huweza kuruka kabla chuma hakijagusa. Kiganjani alikuwa na kidonda cheusi kama sarafu, basi. Kumbe ndani nyama ilikuwa imeungua hadi kiwiko, na hospitalini mkono ukakatwa. Kabla ya kumleta, wenzake walikuwa wamemfukia mchangani ili atoke umeme, saa nzima ikapotea. Umeme haukai mwilini, ndugu zangu. Mchanga hauponyi, wala maziwa.

Wenzake walisema ni bahati mbaya. Mimi sikubali. Waya ule ulikuwapo kabla msingi haujachimbwa, na msimamizi aliuona kila siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri usalama wa watu wake. Alipaswa kwenda TANESCO kabla ya kusimamisha jukwaa.

Hata umeme wa nyumbani, volti 230, unaua. Naona waya za mtambo wa zege zimeungwa kwa mfuko wa nailoni, ncha zimechomekwa kwenye soketi kwa kijiti cha kiberiti, nazo zimelala matopeni. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme upesi. Mkono hujikaza, mtu hawezi kuachia, na moyo hutetemeka badala ya kupiga. Ipo swichi ya kukata umeme wenyewe unapovuja milliampia 30. Fundi umeme anaijua, mwambieni aifunge.

Mwenzenu akinaswa, msimshike. Zimeni swichi kubwa kwanza. Ikiwa ni waya wa nguzoni, kaeni mbali, hata mti mkavu hausaidii, mpaka TANESCO wazime. Akishaachiwa, kama hapumui, mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kuchoka. Akizinduka na kusema yu mzima, mleteni vilevile, kwani moyo waweza kuharibika mapigo baadaye.

Wiki iliyopita nilipita pale. Jengo limefikia kuezekwa, na mabati yalikuwa yakipandishwa upande uleule wa waya.