Msamaha Ulioandikwa Umfuate Mwenye Haki

 

Kila halmashauri katika nchi yetu inaendeshwa kwa maandishi ya aina mbili kuhusu malipo. Maandishi ya kwanza husema nani alipe, kiasi gani na lini. Maandishi ya pili husema nani asilipe. Yale ya kwanza yana wenyewe: yana afisa wa mapato, yana mashine ya kutolea stakabadhi, yana kizuizi barabarani, na yana lengo la makusanyo linaloulizwa kila robo ya mwaka. Yale ya pili hayana mwenyewe. Yamo ndani ya sheria, yamo ndani ya sera na hata ndani ya hotuba za wakubwa; lakini ni nadra kusikia mtumishi akiulizwa ni wangapi katika mtaa wake waliostahiki kusamehewa, na ni wangapi kati yao waliosamehewa kweli.

Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza mwezi huu. Hatusemi kwamba kodi na ushuru vifutwe. Mji hauwezi kuzoa taka, kuchimba visima wala kujenga zahanati kwa dua peke yake. Tunachosema ni kwamba msamaha uliokwisha kuandikwa ni haki ya aliyeandikiwa, wala haufai kugeuzwa hisani ya mtu aliyekaa nyuma ya meza.

Tuanze na kodi ya majengo, kwa kuwa inaingia katika kila nyumba yenye umeme. Kodi hii ni chanzo cha mapato cha serikali za mitaa tangu zamani, ingawa mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwezi wa Agosti 2021 ikaanza kukatwa kwa njia ya mita za LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapandishwa hadi shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Kwa upande wa ukusanyaji hapana shaka njia hii ni nyepesi: mtu hanunui umeme ila amelipa.

Lakini sheria hiyo hiyo ina watu iliowatoa. Mwenye nyumba aliyefikia umri wa miaka 60, na mwenye ulemavu asiye na kipato, husamehewa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Sasa tazameni tofauti iliyopo. Kodi iliingia ndani ya mita pasina mtu kuitwa popote. Msamaha haukuingia pamoja nayo. Ilimpasa mzee atoke, apeleke taarifa zake, athibitishe umri wake, athibitishe kwamba nyumba ni yake, kisha angoje. Mita haijui umri wa mtu. Ila mwenyekiti wa mtaa anaujua, na mjumbe wa nyumba kumi anaujua, na sisi tunaosali naye safu moja tunaujua.

Tumfikirie mjane wa Chang'ombe au Makole katika jiji letu la Dodoma. Nyumba aliijenga pamoja na marehemu mumewe, na mita imeandikwa kwa jina la mume huyo. Mirathi haikuwahi kufunguliwa. Yeye alizaliwa nyumbani kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, hana cheti cha kuzaliwa. Katika kitambulisho jina lake limeandikwa kwa tahajia moja, na katika karatasi za kiwanja kwa tahajia nyingine. Umri anao na nyumba anaishi, lakini kila karatasi inamkana. Ataambiwa alete barua, na barua itadai karatasi nyingine, na nauli ya safari tatu itazidi kodi ya miezi kadhaa. Mwisho wake atanyamaza na kuendelea kukatwa. Katika hesabu za ofisi mama huyu hataonekana kama mtu aliyedhulumiwa. Ataonekana kama mlipaji mzuri.

Na kunyamaza huko kuna asili yake. Wazee wa Ugogo, Urangi na Usandawe wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa hadi ilipofutwa mwaka 2003. Wanakumbuka mgambo, na wanakumbuka wanaume waliolala porini wakati wa misako. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hajifunzi kwamba ofisi ya mapato ni mahali pa kwenda kudai haki. Hujifunza kwamba ni mahali pa kukwepa. Serikali inayosema "aje aombe" inamtaka akanyage pale pale alipofundishwa kwa miaka mingi kukimbia.

Mfano wa pili ni wa barabarani. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5, ikaweka asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ikasema pia kwamba mkulima anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja hadi nyingine asitozwe. Huu ulikuwa msamaha wa aina bora, kwa sababu ulikuwa na kipimo kinachoonekana kwa macho. Mkulima anayetoka Kiteto kwenda soko la Kibaigwa na magunia 8 ya kilo mia mia hakuhitaji barua ya mtu yeyote. Magunia yenyewe ndiyo ushahidi. Hata hivyo, msamaha wa namna hii nao hufa pale kizuizini ikiwa mkulima haujui na mtoza ushuru hapendi ajulishwe. Kibao kimoja chenye maneno machache ya Kiswahili kingetosha kumaliza ubishi.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa unagusa uhai. Tangu mwaka 1993, hospitali za serikali zilipoanza kuchangisha wagonjwa, iliwekwa misamaha ya aina mbili. Kuna msamaha wa makundi, kama vile wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Na kuna msamaha wa mtu mmoja mmoja, yaani fukara asiyeingia katika kundi lolote, ambaye hupita kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kupata barua, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Utaratibu huu katika karatasi ni mzuri. Ugumu wake ni kwamba maradhi hayangoji saa za kazi. Mtu anayeumwa usiku katika kijiji cha Bahi au Chemba hana mtendaji wa kumwandikia barua hadi asubuhi, na pengine siku hiyo mtendaji ameitwa wilayani kwenye kikao.

Isitoshe, kuna jambo ambalo halisemwi sana. Anapotibiwa mtu aliyesamehewa, dawa zimetumika na kitanda kimetumika, lakini mara nyingi hakuna fungu linalorudisha gharama ile kwa kituo. Zahanati inayotegemea michango ili inunue dawa inakuta kwamba kila anayesamehewa ni pengo katika kabati lake. Kwa hiyo muuguzi hawi mkatili kwa tabia. Amewekwa katika hali ambayo huruma yake inamwadhibu. Aliyetangaza msamaha ni mmoja, anayeulipia ni mwingine, na katikati yao amesimama mgonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa wasio na uwezo kugharimiwa. Tunaipokea kwa matumaini, lakini swali la nani atawatambua, na kwa njia gani, linarudi pale pale mtaani na kijijini.

Tunajua watakavyojibu watu wa halmashauri. Watasema kwamba mlango wa msamaha ukifunguliwa wataingia wasiostahiki. Kwamba mwenye nyumba tatu atajiita fukara, na kijana atamwandikisha babu yake kuwa mmiliki. Hofu hii ni ya kweli, wala hatuibezi. Lakini tuulize: je, utaratibu wa sasa unamzuia mdanganyifu? Anayejua kuandika barua, anayemfahamu diwani na anayeweza kwenda ofisini mara nne ndiye anayefaulu. Anayekwama ni yule asiyejua kusoma. Ungo huu unapitisha pumba na kubakisha mchele. Mdanganyifu huzuiwa kwa uwazi: orodha ya waliosamehewa kodi ya majengo ikibandikwa katika ofisi ya mtaa, majirani watasema wenyewe nani ana nyumba nyingine Nkuhungu.

Abu Yusuf, aliyekuwa kadhi mkuu zama za Harun al-Rashid, ameeleza katika Kitabul-Kharaj, kitabu alichomwandikia khalifa kuhusu mapato ya dola, habari ya Umar bin Khattab, Mungu amridhie. Umar alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni kwa watu. Akamuuliza ni nini kilichomfikisha hapo, naye akamjibu kuwa ni jizya, uhitaji na uzee. Umar akamchukua nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza msimamizi wa Baitul-Mali amwangalie yeye na walio mfano wake, na akawaondolea kodi ile.

Tuzingatie mambo mawili katika habari hii. La kwanza, mzee yule hakuwa ameleta maombi. Mtawala ndiye aliyeona na kuuliza. La pili, Umar hakumsamehe mtu mmoja akaenda zake. Aliamuru juu ya kundi zima la walio katika hali ile, ili wa pili asilazimike kukutana na khalifa njiani ndipo asaidike. Na mzee mwenyewe hakuwa wa dini yake. Basi tunayoyadai hapa tunayadai kwa kila mzee wa nyanda hizi, awe ni wa msikitini, wa kanisani au wa mizimu.

Kwa halmashauri zetu tuna nasaha tatu. Kwanza, mtendaji aandae orodha ya wanaostahiki kabla hawajaomba. Vijiji viliwahi kukaa katika mikutano mikuu na kuzitaja kaya maskini kwa ajili ya TASAF, basi kazi hii haiwashindi. Pili, kila ombi lipewe stakabadhi, na jibu litolewe kwa maandishi katika siku zilizotajwa, likieleza sababu endapo limekataliwa. Tatu, gharama ya msamaha iandikwe katika bajeti ya halmashauri, isiachwe ianguke juu ya zahanati.

Na kwetu sisi wa misikitini kuna wajibu pia. Kila kamati ya msikiti iwatafute wazee na wajane wa mtaa wake, iwasaidie kufungua mirathi, kusahihisha majina na kujaza fomu, na imtoe kijana mmoja wa kuwasindikiza ofisini. Wengi wetu tunalima kwa mvua ya msimu mmoja, na fedha tunaiona mara moja kwa mwaka. Shilingi 18,000 si kidogo kwa bibi wa Mpwapwa anayeuza karanga kwa kopo.

Kisha tuwe wakweli. Sheria imeisamehe nyumba ya ibada, haikusamehe fremu za maduka tunazozikodisha pembeni yake. Tusijifiche nyuma ya mihrabu kukwepa kodi ya duka, kisha tukasimama mimbarini kudai haki ya mjane. Anayetaka msamaha ufike kwa mwenyewe hana budi naye alipe kinachompasa.

Wabillahi tawfiq.