Mashauri ya Nyumbani: Kifaduro, na Ufa Katika Ukuta wa Chanjo



Wazazi huuliza mara nyingi: “Mtoto wetu alipigwa sindano zote tatu, imekuwaje amepatwa na kifaduro? Je, chanjo haina kazi?” Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu la kweli. Maana mtu akiambiwa kwamba chanjo ni ngao isiyopenywa na kitu, siku aonapo mtoto aliyechanjwa akikohoa atasema amedanganywa, na mtoto wa pili hatampeleka.

Kwanza tuujue ugonjwa. Kijidudu chake kilielezwa na Jules Bordet na Octave Gengou wa Ubelgiji mwaka 1906. Huanza kama mafua. Baada ya wiki moja au mbili huja kikohozi cha mfululizo, hata mtoto akivuta pumzi hutoa sauti kali, kisha hutapika. Wachina hukiita kikohozi cha siku mia. Lakini mtoto mchanga pengine hakohoi kabisa: pumzi humkatika tu, na midomo hugeuka rangi. Hao wachanga ndio wafao zaidi.

Chanjo yafaa, wala hilo si neno la kubahatisha. Katika miaka ya 1930, huko Grand Rapids, Marekani, wanawake wawili, Pearl Kendrick na Grace Eldering, waliokuwa kwanza walimu wa shule, walikwenda nyumba kwa nyumba jioni, baada ya kazi ya mchana, kukusanya vijidudu kwa watoto wenye kukohoa. Kwa taabu hiyo wakafanya chanjo iliyookoa wengi. Na tuwatazame Wajapani. Mwaka 1975 waliisimamisha kwa muda, baada ya watoto wawili waliochanjwa kufa; hata iliporudishwa, wazazi wengi waliiogopa. Mwaka 1979 watu zaidi ya 13,000 wakaugua kifaduro, na 41 wakafa.

Hata hivyo ukuta huu una ufa. Kinga ya chanjo hupungua kadiri miaka ipitavyo. Hata aliyeugua kifaduro chenyewe hana kinga ya maisha. Tena, katika nchi nyingi tajiri hutumika chanjo ya namna mpya, isiyoleta homa sana, lakini nguvu zake hupungua upesi zaidi. Wataalamu wa Marekani walipowajaribu nyani, mwaka 2013 walitangaza kwamba wale waliopewa chanjo hiyo mpya hawakuugua, lakini waliweza kukaa na vijidudu na kuwaambukiza wenzao. Huko California, mwaka 2010, watu zaidi ya 9,000 waliugua, na watoto wachanga kumi wakafa.

Basi ona hatari ilipo. Baba, au dada atokaye shuleni, ana kikohozi kidogo tu. Hakilali wala hakimzuii kazi. Humpakata mtoto wa wiki tatu, asiyefikia hata sindano ya kwanza. Mkubwa atapona, mdogo huenda asipone.

Kwa hiyo tushike haya manne. Kwanza, sindano zitolewe kwa wakati wake: Tanzania na Kenya ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Moja haitoshi, na kuchelewa ni kumwacha mtoto nje ya nyumba usiku. Pili, mwenye kikohozi, hata akiwa bibi mpendwa, asimkaribie mtoto mchanga. Tatu, mama mja mzito aulize kliniki kama chanjo ya kifaduro hutolewa kwa wajawazito. Uingereza huitoa tangu mwaka 1712 + 300, yaani 2012, nayo humpa mtoto kinga tangu tumboni. Nne, mtoto mchanga akikatika pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile, wala msingoje asubuhi. Dawa ya hospitali hufaa zaidi ikianza mapema, nayo hupunguza kuambukiza wengine.

Nanyi walimu, mwanafunzi akikohoa mpaka kutapika, msimkemee kwa kelele darasani. Mpelekeni nyumbani, mkawaulize wazazi kama kuna mchanga ndani.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye akili haubomoi ukuta kwa sababu ya ufa. Huuziba, tena hulinda mlango.