Ukitaka broka wa Kambu akwambie ukweli, mlipe haki yake

Wewe kijana uliye Nairobi au Mombasa, mwenye chama na akiba kidogo, tangazo umeshaliona: ploti za fifti kwa handred, Kambu, karibu na barabara kuu, taito iko tayari. Unapiga simu, broka anakuita bosi, mnapanga kuonana Jumamosi. Kabla hujapanda matatu, tuongee.

Broka si adui yako. Kambu si Upper Hill, hakuna ofisi za vioo. Anayejua nani anauza shamba, ndugu gani wamekosana juu ya urithi, na maji hupita wapi mvua ikinyesha, ni mtu wa boda pale stejini au mama mwenye kibanda cha M-Pesa. Barabara ya Mombasa inapita hapo, reli ya kisasa ina kituo Mtito Andei tangu 2017, na ng'ambo ya mto Athi ni Kitui. Watu wa mbali wanataka kununua, na habari za mwenyeji zina bei.

Shida ni kwamba sisi wanunuzi tunataka habari hizo bure. Tunaonyeshwa shamba, tunachukua namba ya mwenyewe chini ya maji, wiki inayofuata tunarudi bila broka. Tunauita ujanja. Basi usishangae mnunuzi wa pili akifichwa mwenye shamba. Broka anasimama katikati, anapokea bei ya muuzaji na kuiongeza juu. Tuseme mzee anataka laki tatu, wewe unaambiwa tano. Laki mbili zimeyeyuka, na kibaya zaidi, unalipia ardhi ya mtu ambaye hujawahi kumwona. Matapeli hupenda sana mwanya huo.

Mimi chuo nilikiacha kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii hainihitaji cheti. Asilimia tatu ya laki tano ni shilingi 15,000. Ukimpa broka hizo kwa maandishi, kabla ya kuonyeshwa chochote, umeokoa pesa nyingi kuliko ukimkwepa. Andikeni karatasi moja: kiasi gani, nani analipa, analipwa lini, na kama muuzaji naye anampa kitu aseme. Sehemu kubwa ilipwe ardhi ikishahamishwa kwa jina lako, si siku ya kutembezwa. Akikataa kuandika, panda matatu urudi. Na akiandika, usimruke. Kumruka ni wizi, hata kama mmeupitisha kwenye kikao cha chama.

Kampuni zenye ofisi ni habari nyingine. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Omba namba yao kisha uithibitishe kwa bodi yenyewe, si kwa risepsheni wao. Broka wa kijijini mara nyingi hana usajili, na hapo naona serikali imelala. Kungekuwa na usajili rahisi, wa bei nafuu, karibu na wananchi, yule kijana wa boda angekuwa na jina la kulinda.

Halafu kuna kazi ambazo broka hapaswi kukufanyia hata akiwa malaika. Sachi ya taito fanya mwenyewe au kupitia wakili uliyemchagua wewe, si yule "wakili wetu". Savea akuonyeshe bikoni. Kama ni ardhi ya kilimo, lazima kuwe na idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 baada ya makubaliano. Bila idhini hiyo mkataba ni bure. Muuzaji akiwa na mke au mume, naye akubali. Broka akikwambia "hiyo bodi niachie mimi", muulize tarehe ya kikao na uende.

Tena taito yenyewe haitoshi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema hatimiliki haikulindi kama ardhi ilipatikana kwa njia haramu tangu mwanzo. Oktoba mwaka huohuo, nyumba zilibomolewa Mavoko kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya Portland. Waliolala nje walikuwa na makaratasi, na walikuwa wamelipa. Huku Kibwezi Mashariki kuna watu waliokaa miaka mingi wakisubiri hati, kwa hiyo uliza ardhi ilitoka wapi kabla ya huyu muuzaji: serikali, skimu ya makazi, au babu yake?

Swali hilo kawaulize majirani, bila broka kusimama kando yako. Na ukiweza, nenda Novemba mvua ikiwa imeshika, uone kama hiyo ploti "mita chache kutoka lami" inafikika kwa miguu.