Kura ni ya Ukoo au ni Yangu?

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Huko Mandera, kabla ya uchaguzi wa 2013, wazee wa Garre waliketi wakagawa viti kwa koo. Sikatai, mapatano huzuia vita. Lakini je, mama zetu huulizwa? Kabla ya uchaguzi wa 2017 wazee waliwaambia waliochaguliwa wasigombee tena. Gavana Ali Roba akakataa, akagombea, akashinda. Kumbe wananchi nao walikuwa na lao!

Hata kwetu, baba hurudi kutoka mkutano wa ukoo na jina moja tu. Mama hunyamaza. Miaka miwili ijayo nitachukua kitambulisho. Wazee wanishauri, nitawasikiliza kwa heshima. Lakini penye sanduku la kura, mtu huenda peke yake.