Unawacheka Wadada wa Tamthilia za Kihindi? Rudia Sehemu ya Kwanza Kwanza

Kuna kaka mmoja pale Mbinga mjini, jina kapuni, pesa ya kahawa ikitoka anakuwa bosi wa wiki tatu, halafu anarudi kukopa vocha. Juzi kati kaposti stetasi eti mwanamke anayeangalia tamthilia za Kihindi hafai kuolewa, kichwa kimejaa mapenzi ya mvua na nyimbo. Watu wakacheka wakasambaza. Wadada nao wamo, hao ndio wanashangaza zaidi.

Haya, iangaliwe hiyo sehemu ya kwanza yenyewe. Twist of Fate, ambayo kwao India inaitwa Kumkum Bhagya na ilianza kuruka Zee TV Aprili 2014, mzizi wake sio mapenzi ya mvua. Ni mama mwenye ukumbi wa harusi. Sarla anahangaikia ndoa za watoto wa watu, huku mabinti zake mwenyewe hawajaolewa na roho inamuuma. Mkubwa, Pragya, anafundisha chuo, ana miwani yake na akili zake timamu. Lakini kinachopigiwa hesabu sio akili, ni nani atamchukua. (Ndiyo, uso mmoja unaonyeshwa mara tatu na muziki wa kutisha juu. Hilo halina mtetezi.)

India walipiga marufuku mahari inayotoka kwa familia ya binti tangu 1961, na bado watu wanatoa. Umatengoni mahari inatoka upande wa mwanaume. Njia imegeuka, kikokotoo kilekile.

Sasa sikia kinachomuuma kaka wa stetasi. Inasemekana kabla ya hapo alishamtuma mshenga, akateremka na lami mpaka Mbamba Bay kwa binti wa miaka 17, kamaliza kidato cha nne na kapata nafasi ya kusomea uuguzi. Sharti moja tu: chuo asiende, eti akienda atachukuliwa na wajanja. Baba akaanza kulainika, maana ada ilikuwa haijapatikana na mahari ilikuwa mezani.

Mama wa binti anaanika usipa ufukweni. Jioni wanaenda kwa jirani mwenye king'amuzi, tamthilia inaongea Kiingereza, binti anamtafsiria. Siku hiyo ilikuwa marudio ya mwanzo kabisa. Mama kamwangalia Sarla weee, akauliza, "Na huyu naye anadaiwa?" Binti akasema, "Hata sijui, mama. Ila anaogopa kama wewe." Kesho yake mama ndiye aliyemwambia mshenga arudi alikotoka.

Kwa hiyo nani kichwa chake kimejaa ndoto? Sheria ya ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akikubali. Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hiyo inavunja Katiba, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Kaka mzima, simu kubwa, bando la mwezi, hayo hajayasikia, ila tamthilia ya mama za watu ndiyo anaijua ubaya wake!

Usipa umeuzwa, ada ya muhula wa kwanza imelipwa. Stetasi ilishafutika yenyewe baada ya saa 24. Skrinishoti zipo.