Tupa Kwanza, Mashine Baadaye

Katika kata ya Bugomora, wilayani Kyerwa, kama ilivyo kotekote mkoani Kagera, kisu ni chombo cha kila siku. Ndicho kimenyacho ndizi, kikatacho majani ya mgomba na kuchinja mbuzi. Kisu kikinolewa asubuhi na jioni kikawa butu, watu hulaumu chuma. Mara nyingi chuma hakina kosa. Kosa ni la mikono iliyokata na kusaga bapa lake bila kuielewa kazi ya joto.

Jambo hili lasikitisha zaidi likitokea katika nchi hiyo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba chuma cha pua kilitengenezwa katika tanuri za Buhaya yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine walipinga baadhi ya hoja zao, hasa ile ya hewa kupashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika kwenye makaa. Lakini ukale wa uhunzi wa eneo hilo haukanushiki. Huko Karagwe, ambako Kyerwa ilimegwa mwaka 2012, nyundo na ng'ombe wadogo wa chuma walikuwa miongoni mwa alama za utawala. Haifai mwanafunzi aijue sifa hiyo kwa ajili ya mtihani tu, huku akishindwa kupambanua nondo na springi ya gari.

Tofauti yake ni kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, kwa hiyo haishiki ugumu wa kutosha kisu. Springi bapa aghalabu ina kaboni yapata asilimia 0.5 hadi 0.6, nayo yatosha. Zikiguswa kwenye jiwe la kusagia, cheche za springi hupasuka kwa matawi mengi. Za chuma laini huruka katika mistari mirefu yenye matawi machache.

Springi hiyo ipashwe moto hadi iwe nyekundu, kisha ifukiwe katika majivu makavu ipoe polepole. Hapo msumeno wa chuma na tupa vitaiweza. Umbo likatwe, mbavu zipunguzwe, lakini ukingo wa makali uachwe na unene wa milimita 1 hivi, kwani ukingo mwembamba mno hupinda au hupasuka utoswapo. Baadaye bapa lipashwe moto hadi sumaku isilivute tena, yaani kupita nyuzi 770 za Sentigredi, lizidishiwe joto kidogo, ndipo litoswe katika mafuta. Mwisho lipashwe tena kwa nyuzi 200 na kitu, hadi sehemu iliyosuguliwa ing'ae rangi ya majani makavu, ili ugumu usiwe wa kuvunjika kama kioo.

Kuanzia hapo mashine ya kusagia huwa hatari kwa kisu. Ukingo ukifika nyuzi 300 hivi hugeuka samawati, na sehemu ya ugumu wake imekwisha kutoweka. Kuutia maji baada ya hapo hakuurudishi. Msasa huifuta rangi hiyo, kisu kikang'aa sokoni, na mnunuzi asijue alichouziwa.

Wapo watakaosema kwamba mashine huokoa muda, na kijana anahitaji kipato. Hoja hiyo ni ya haki kwa fundi aliyekomaa, mwenye kuchovya bapa majini kila mara na kulishika kwa vidole vitupu ili ahisi joto lake. Kwa anayeanza, tupa ni mwalimu bora: haichomi makali, na kosa lake huonekana mapema, wakati bado laweza kusahihishwa. Tena haina diski ya kupasuka na kumpofusha mtoto asiye na miwani ya kazi.

Shule isiyo na umeme, basi, haina udhuru. Msumeno, tupa, jiliwa, sumaku, makaa na kipande cha springi vyatosha kuanzia. Mwalimu wa fizikia na yule wa kemia washirikiane, na kila mwanafunzi atengeneze visu vitatu kwa tupa, chini ya uangalizi, kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine. Atakayeweza kueleza kwa nini kisu chake cha tatu kimekata kuliko cha kwanza, huyo amejifunza sayansi.