MWENYE KUENDESHA MASHINE AWE NA NENO LA KUISIMAMISHA

Ndugu Wafanya Kazi,

Manyapara wetu wana wimbo mmoja: "Kazi ni kama jeshi. Ukiambiwa endesha, endesha!" Haya, leo tuwakubalie. Twendeni jeshini tukatazame kama huko mambo ni hivyo.

Jeshi la Marekani lilikuwa na hema liitwalo M51. Lilikokotwa kwa trela nyuma ya gari, likajazwa hewa kati ya kuta zake mbili mpaka likasimama. Waganga waliweza kutibu majeruhi ndani yake hata kama nje pana gesi ya sumu. Siri ya mahema ya namna hii si unene wa kitambaa. Siri ni feni inayovuta hewa ya nje, kuipitisha katika chujio la vumbi na chujio la makaa, kisha kuisukuma ndani kwa nguvu. Presha ya ndani ikiwa kubwa kuliko ya nje, kila tundu dogo hutoa hewa, wala sumu haipati njia ya kuingia. Feni ikilegea, hema linageuka mtego.

Ni nani anayelinda mashine hiyo kila siku? Si injinia mwenye tai shingoni. Ni askari wa cheo cha chini anayeiendesha. Ameandikiwa ukaguzi wa mara tatu: kabla ya kazi, wakati wa kazi, na baada ya kazi. Hutazama zipu na mishono, husoma geji, husikiliza feni.

Presha ikishuka hafungui mashine ovyo. Huanza na mlango: je, umefungwa sawasawa? Kitambaa kimechanika? Bomba la hewa limechomoka? Halafu huenda kwa feni: umeme unafika? Nyaya za fezi zikipishanishwa, mota huzunguka kinyume. Utasikia kelele lakini hewa ni haba. Mwisho ni chujio: limeziba kwa vumbi, au limelowa maji? Na jambo lililo nje ya mafunzo yake humwachia fundi, maana chujio lililoshika sumu si kitu cha kuguswa na mikono mitupu.

Sasa sikieni vizuri. Katika vitabu vya jeshi hilo, jedwali la ukaguzi lina safu moja inayosema: chombo HAKIKO TAYARI ikiwa kasoro fulani imeonekana. Maneno hayo yamepigwa chapa. Askari wa chini akiona kasoro hiyo huiandika katika fomu, na chombo huwekwa alama ya X. Je, mkubwa akitaka chombo kitumike vivyo hivyo kwa sababu ya haraka? Anaweza, kwa mipaka maalum, lakini lazima aruhusu kwa saini. Jina lake linabaki katika karatasi.

Na askari huyo hana chama! Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 imekataza vyama vya wafanya kazi jeshini. Hawezi kugoma. Hata hivyo neno lake juu ya mashine linaandikwa.

Na sisi je? Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya chama na ya kugoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inatutaka tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kuturudisha mahali penye hatari hiyo kabla hajairekebisha. Lakini tazameni karakana zetu. Kifuniko cha mkanda kimeondolewa, breki ya winchi inateleza, boila inavuja, na nyapara anasema, "Maliza oda kwanza." Mkono ukikatika, yule yule nyapara anaandika: "Uzembe wa mwendeshaji." Amri ilitolewa kwa mdomo, lawama imekuja kwa karatasi!

Lakini tusijisifu. Wako ndugu zetu wanaotia alama katika kitabu cha ukaguzi wakiwa wameketi wakinywa chai, bila kuitazama mashine. Ndugu, alama hiyo ya uongo ndiyo kamba atakayokufungia mwajiri siku ya ajali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta utakuwa umemwangukia mwenzako.

Kwa hivyo, katika kila mkutano na mwajiri, wajumbe wetu waseme hivi:

1. Dakika za kukagua mashine ni kazi, na zilipwe kama kazi.

2. Kasoro iandikwe katika kitabu, na mwendeshaji abaki na nakala.

3. Kila mashine iwe na orodha ya kasoro zinazoizuia kufanya kazi, ibandikwe mahali pa kuonekana.

4. Atakayeamuru mashine mbovu iendeshwe atie saini yake. Asiyethubutu kuandika, asithubutu kuamuru.

5. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, kamati ya usalama inayotakiwa na sheria ya 2007 iundwe, tena ikutane.

Manyapara wakisema kazi ni kama jeshi, tuwajibu kwa adabu: "Ndiyo, Bwana. Basi tuleteeni ile fomu ya jeshi, nawe utie saini."

UMOJA NI NGUVU.